Shoaib Bashir: kijana aliyeitwa na taifa kaunti ikiwa bado inamsoma

Uingereza ilipotangaza kikosi cha kriketi cha kwenda India tarehe 11 Desemba 2023, kulikuwa na jina moja ambalo wengi tulilisoma mara mbili. Shoaib Bashir, mrushaji wa spini (mpira wa polepole unaojizungusha) wa klabu ya kaunti ya Somerset, miaka 20. Maisha yake yote alikuwa amecheza mechi 6 za daraja la kwanza, yaani zile ndefu za siku nne au tano. Ndani yake alikuwa na wiketi 10, yaani wapigaji aliowatoa, na kila wiketi ilikuwa imemgharimu mikimbio 67. Mrushaji anayeitwa mzuri kwenye ligi ya kaunti hukaa chini ya 30. Ukifika 40, kocha anaanza kukuangalia kwa jicho la pembeni. Kwa 67 mtu hukaa benchi hata kwenye timu yake mwenyewe, seuze ya taifa.

Wala haikuwa safari ya kwenda kujifunza. India ilikuwa haijapoteza mfululizo wa Testi, mechi za siku tano kati ya mataifa, nyumbani kwake tangu mwisho wa 2012, na walioifunga mwaka huo walikuwa Waingereza hao hao, wakibebwa na warushaji wawili wa spini, Graeme Swann na Monty Panesar. Kumbe nafasi aliyopewa huyu kijana ndiyo iliyokuwa nafasi nyeti kuliko zote kikosini.

Tangu siku ile kisa chake kimegawa watu kambi mbili. Wapo wanaosema amepewa jezi ya bure, na kwamba kumwita mtu wa namna hiyo ni kuwatukana wanaume waliokomaa kwenye ligi ya kaunti miaka kumi na zaidi. Wengine wanasema ligi ya kaunti imeshachoka, haipimi chochote kinachohitajika kwenye Testi, hivyo bora uchague kwa macho yako. Mimi naona kumchukua ilikuwa sahihi. Kilichoharibika ni kila walichomfanyia alipokuwa hayupo na timu ya taifa.

Kwanza tuweke sawa jambo moja, hasa kwa wasomaji wa Kenya. Kaunti hizi si serikali za ugatuzi. Ni klabu 18 za kulipwa zinazobeba majina ya majimbo ya zamani ya England, pamoja na Glamorgan ya Wales, na zina daraja mbili: 10 juu na 8 chini. Kila timu hucheza mechi 14 za siku nne kati ya Aprili na Septemba. Humo ndimo Uingereza inamochota wachezaji wake wa Testi tangu enzi za babu zao.

Shida ya mrushaji wa spini iko kwenye kalenda. Aprili na Mei kule ni baridi, ardhi ina unyevu, pichi, kile kipande cha ardhi ambapo mpira hurushwa, imeachiwa nyasi, na mpira wa Dukes wenye mshono ulioinuka unawafaa warushaji wa kasi. Spina anasimama uwanjani kwa muda wa saa sita mikono mfukoni, anapewa ova tatu (ova moja ni mipira sita) kabla ya chakula cha mchana ili wenye kasi wapumue, basi. Jua linapotoka na pichi kuanza kukauka na kupasuka, yaani Julai na Agosti, mechi za siku nne kwa sehemu kubwa zinapisha mashindano mafupi ya pesa. Tangu 2021 karibu Agosti nzima imekuwa ya The Hundred, mashindano ya mipira mia kwa kila upande. Zinarudi Septemba, umande nao ukirudi. Bodi ya kriketi imejaribu kuweka mpira wa Kookaburra, ambao mshono wake hulala mapema, kwenye baadhi ya raundi ili wenye kasi wasipate kila kitu bure. Mwaka 2022 Andrew Strauss, nahodha wa zamani wa Uingereza, aliongoza tume iliyopendekeza mechi zipunguzwe na ratiba ipangwe upya. Kaunti zilikataa, na sizilaumu sana: mechi ndizo chakula chao, na wanachama wao wamelipia kuziona.

Kwa hiyo ukiona spina wa miaka 20 ana takwimu mbovu za kaunti, huwezi kujua mara moja kama ni yeye mbovu au ni Aprili mbovu.

Bashir alizaliwa Chertsey, Surrey, Oktoba 2003. Alipita kwenye mfumo wa vijana wa Surrey wakamwacha. Akarudi kwenye kriketi ya klabu, akachezea Berkshire, ambayo haimo kwenye zile 18, mpaka Somerset walipomchukua mwishoni mwa 2022. Juni 2023 akaanza daraja la kwanza pale Chelmsford dhidi ya Essex, na mtu aliyesimama mbele yake na gongo alikuwa Sir Alastair Cook, ambaye hadi hapo hakuna Mwingereza aliyekuwa amefunga mikimbio mingi kuliko yeye kwenye Testi. Kijana akamsumbua. Si kwamba alimmaliza. Alimsumbua tu, mpira baada ya mpira. Kipande cha video kikawekwa mtandaoni, nahodha Ben Stokes akakiona kwenye simu yake, akakirusha kwenye kundi la WhatsApp walilomo yeye, kocha Brendon McCullum na mkurugenzi Rob Key. Stokes mwenyewe amelisimulia hilo hadharani.

Watu walicheka: timu ya taifa inachaguliwa kwa WhatsApp! Lakini tazama walichokiona. Bashir ana urefu wa mita 1.93, na mkono wake unaachia mpira juu sana. Mpira unaotoka juu namna hiyo huanguka kwa mshuko mkali na kuruka zaidi ukigusa pichi. Mpigaji aliyeinama kuuzuia anajikuta umemfikia kwenye glavu, na pale pembeni pake pamesimama mdakaji anayesubiri. Kimo huwezi kumfundisha mtu. Mstari na urefu wa mpira hufundishika, subira hufundishika, hata mpira wa pili wa kudanganyia hufundishika. Baada ya kambi ya kikosi cha pili kule Falme za Kiarabu, ambako makocha walimtazama kwa karibu, uamuzi ukawa umeshafanywa.

Safari yenyewe ilianza na karaha. Timu ilipiga kambi Abu Dhabi, na wenzake walipopanda ndege kwenda India yeye viza yake haikuwa imetoka. Ni Mwingereza wa kuzaliwa, lakini ukoo wake ni wa Pakistan, na si mchezaji wa kwanza mwenye asili hiyo kukwama kwenye mlango huo. Ilibidi arudi London kuifuatilia. Viza ikatoka siku moja kabla ya Testi ya kwanza, ambayo hakuicheza. Mchezoni Jack Leach, spina aliyekuwa mbele yake Somerset na timu ya taifa pia, akaumia goti. Nafasi ikawa wazi.

Visakhapatnam, tarehe 2 Februari 2024, siku yake ya kwanza. Wiketi yake ya kwanza kwenye Testi ilikuwa ya nahodha wa India, Rohit Sharma, akiwa na mikimbio 14. Mpira uliruka kidogo, Rohit akausukuma upande wa mguu, ukaingia moja kwa moja mikononi mwa Ollie Pope aliyewekwa pale kwa kazi hiyo. Ndicho hasa walichokiona kwenye video.

Ila Ranchi ndiyo mechi ya kuirudia ukitaka kumwelewa. Siku ya pili Stokes alimpa upande mmoja wa uwanja akamwacha hapo: ova 31 mfululizo bila kupumzishwa. Ova 31! Kuna mechi nzima ya kaunti mwezi wa Mei ambayo spina hafikishi hata 10. Alimaliza na wiketi 5 kwa mikimbio 119, mzunguko wa pili wa India kupiga akaongeza 3, mbili kati yake kwa mipira inayofuatana: Ravindra Jadeja, kisha Sarfaraz Khan. Wiketi 8 katika mechi moja, kwa mtu aliyeondoka nyumbani na 10 za maisha. Uingereza ilipoteza mechi hiyo, na mfululizo wote 4-1, lakini Bashir alirudi na wiketi 17 katika Testi 3, kila moja kwa mikimbio 33 na ushee. Huko India, kwa mgeni, hiyo si aibu hata kidogo.

Hapo ungetegemea hadithi inyooke. Mvulana amejulikana, arudi kwenye kaunti yake arushe mpaka mikono iote sugu, akomae.

Alirudi Somerset akamkuta Leach. Kaunti haiwezi kumweka benchi spina wake mkubwa, aliyewabeba miaka yote, eti kwa sababu taifa linamtaka mdogo wake. Tena nyuma ya Bashir palikuwa na mwingine anakuja kwa kasi: Archie Vaughan, mtoto wa nahodha wa zamani Michael Vaughan, ambaye Septemba 2024 aliwachukulia Surrey wiketi 11 pale Taunton huku Leach akirusha kutoka upande wa pili. Somerset walishinda. Nani angemwambia kocha wao amekosea?

Kabla hata ya hapo, spina ambaye taifa lilimtaka alikuwa ameshatolewa kwa mkopo, kwenda Worcestershire. Juni 2024, kwenye uwanja wa The Oval, nyumbani kwa Surrey ile ile iliyomwacha, akaonja joto ya jiwe. Dan Lawrence alimpiga mipira mitano ya kwanza ya ova moja, yote mitano ikavuka kamba bila kugusa ardhi, mikimbio 6 kila mmoja. Wa sita ukamtoka mkononi, ukaenda pembeni mpaka kwenye kamba, ukahesabiwa mikimbio 5 ya bure. Akarusha tena, mpira haramu, mikimbio 2. Akarusha tena, mkimbio mmoja. Jumla 38. Siku chache baadaye likatangazwa kundi la wachezaji wa Testi dhidi ya West Indies: Bashir yumo, Leach hayumo.

Akaenda Trent Bridge, uwanja wa Nottingham, akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 41.

Mwaka uliofuata mambo yakajirudia kana kwamba hakuna aliyejifunza. Aprili 2025 akapelekwa kwa mkopo Glamorgan, katika ile ile baridi, akaambulia patupu au karibu na patupu. Mei akavaa jezi ya taifa dhidi ya Zimbabwe, Trent Bridge tena, akatoka na wiketi 9 kwenye mechi, 6 kati yake kwa mikimbio 81 katika mzunguko wa pili, na akawa Mwingereza mdogo kuliko wote kufikisha wiketi 50 za Testi. Zimbabwe si India, sawa. Lakini mtu anayeshindwa akiwa Glamorgan na kufaulu Nottingham mwezi mmoja baadaye hajabadilika mkono. Kilichobadilika ni nahodha anayemwamini, idadi ya ova na hali ya pichi.

Kabla hamjaniambia kwamba ni bahati ya mtu mmoja, tazameni waliokuwa naye kwenye kikosi kile cha kwenda India. Tom Hartley wa Lancashire aliwamaliza India kule Hyderabad, wiketi 7 kwa 62 mzunguko wa mwisho, akamaliza mfululizo na wiketi 22. Aliporudi nyumbani alikuta Lancashire wamemsajili Nathan Lyon wa Australia, spina mwenye mamia ya wiketi za Testi. Kaunti inataka kushinda, ndiyo kazi yake, na mgeni aliyeiva hushinda mechi leo. Tangu mfululizo ule mpaka Ashes ya 2025-26 Hartley hakucheza Testi nyingine. Rehan Ahmed wa Leicestershire, aliyecheza Testi ya kwanza Karachi akiwa na miaka 18 na kuchukua 5 kwa 48, alijiokoa kwa gongo: alipandishwa kuwa mpigaji wa juu, na Julai 2025 akafunga mikimbio mia na kuchukua wiketi 13 katika mechi moja dhidi ya Derbyshire. Huyo ana kaunti inayompa mpira na gongo. Tofauti inaonekana.

Kwetu Afrika Mashariki tunalo jeraha la aina hii. Februari 2003, Kombe la Dunia, Nairobi, spina Collins Obuya aliwazungusha Sri Lanka akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 24, na Kenya ikaenda mpaka nusu fainali. Warwickshire wakamsajili mwaka huo huo. Tulishangilia: kijana wetu anakwenda kaunti, atarudi moto wa kuotea mbali. Majeraha yakamwandama, spini yake ikapotea, na alipoonekana tena kwenye Kombe la Dunia la 2011 akiwanyima Waaustralia usingizi kwa mikimbio 98 bila kutolewa, alikuwa mpigaji. Kenya haikupata tena spina kama yule wa 2003. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba tumewahi kuona jinsi spina mchanga anavyoweza kwenda kaunti akiwa na kipaji na kurudi na kitu kingine.

Sasa upande wa pili, maana wenye kambi ya "kaunti kwanza" wana hoja yao na ina jina: Liam Dawson. Msimu wa 2024 Dawson wa Hampshire alichukua wiketi 54 kwenye ligi ya kaunti na kufunga mikimbio 956. Ukitaka mtu aliyelipia nauli, ndiye huyo. Hakuitwa. Nafasi yake ilifunguka kwa ajali: Lord's, Julai 2025, katika Testi dhidi ya India, Jadeja alipiga mpira ukamrudia Bashir mwenyewe, akajaribu kuudaka, ukamvunja kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Siku ya mwisho alirudi uwanjani na kidole kimefungwa. India walikuwa wamebakiza wiketi moja, Jadeja amesimama kama mnazi upande wa pili na mikimbio 61. Bashir akamrushia Mohammed Siraj. Siraj akauzuia vizuri kabisa katikati ya gongo, mpira ukaanguka chini, ukazunguka taratibu kurudi nyuma, ukagusa kijiti. Uingereza ikashinda kwa mikimbio 22, na Bashir akaenda kufanyiwa upasuaji.

Dawson, miaka 35, akaitwa Manchester, Testi yake ya kwanza tangu 2017. Mechi ikaisha sare, na siku ya mwisho Wahindi walimpiga danadana bila kumpa wiketi. Kwa hiyo takwimu za kaunti hazikuwa ufunguo wa kila mlango. Ila mechi moja kwenye pichi iliyolala haimpimi mtu, na wenye haki wataniambia Bashir alipewa 19. Ni kweli. Angalau wangemjua Dawson mapema.

Hata kwa wapigaji mchezo ni huo huo. Jamie Smith alifanywa mlinda-wiketi (mdakaji wa nyuma ya vijiti) wa taifa mwaka 2024 wakati kwenye kaunti yake, Surrey, glavu zilikuwa za Ben Foakes. Jacob Bethell alianza Testi huko Nyuzilandi bila kuwahi kufunga mia ya daraja la kwanza, na mia yake ya kwanza ya aina hiyo ikaja Sydney, Januari 2026, mikimbio 154. Mpigaji mchanga hata hivyo anaweza kukua kwenye mazoezi na mashindano mafupi. Spina hana njia hiyo. Ova nne za mechi fupi, ambapo kazi yako ni kutotoa mikimbio, hazikufundishi kumtega mtu kwa saa mbili.

Mwisho wa yote ulitakiwa uwe Australia. Tangu mwanzo, hoja kubwa ya kumlea Bashir ilikuwa pichi ngumu za kule, ambako kimo kinalipa. Msimu wa 2025 ulipokwisha aliondoka Somerset, akapanda ndege kwenda Ashes, mfululizo wa Testi kati ya Uingereza na Australia, akiwa bado hajacheza mechi za kutosha tangu kidole kivunjike. Perth walipanga wenye kasi watupu, wakafungwa kwa siku mbili. Brisbane walihitaji spina wakamchukua Will Jacks, mpigaji anayerusha spini kidogo, kwa sababu anaongeza mikimbio huko chini. Adelaide Jacks tena. Testi 5, mfululizo ukaenda 4-1 kwa Australia, na mtu aliyeandaliwa miaka miwili hakurusha hata mpira mmoja wa Testi.

Hapo ndipo hoja yangu inapokaa. Ukiamua kuchagua kwa jicho badala ya takwimu, umejitwika ulezi. Huwezi kumchukua mtu asiyeiva, ukamtumia, halafu ukamrudishia klabu yenye haja zake, ukitegemea imwivishe kwa niaba yako na kwa gharama yake. Bodi ndiyo inayomlipa mchezaji kwa mkataba wa taifa. Ingekaa na kaunti yenye pichi kavu na isiyo na spina mkubwa, ikamweka huko kwa miaka mitatu, si kwa wiki tatu za Aprili, na ikalipia sehemu ya gharama ili klabu isihisi imebebeshwa mzigo wa mwingine. Mipango ya majira ya baridi ingekuwa Asia kila mwaka, mechi za siku nne, ova 40 kwa siku. Na raundi mbili au tatu zaidi za ligi zingepangwa Julai, hata kama televisheni itanuna.

Ashes ilipokwisha Januari 2026 Bashir alikuwa na miaka 22. Alikuwa na wiketi 68 za Testi, kila moja kwa mikimbio 39, na mechi za Testi alizocheza zilikuwa nyingi kuliko za siku nne alizoichezea Somerset. Maspina wengi wakubwa walianza kueleweka wakikaribia 30. Swann mwenyewe alicheza Testi ya kwanza akiwa na 29, baada ya miaka kumi ya kaunti, enzi ambazo ligi bado ilikuwa na nafasi ya kumvumilia. Kwa huyu, swali lililobaki lilikuwa dogo na la wazi: kaunti mpya ingempa ova ngapi kabla ya Juni?